Mawe ya Mbele ya Nyumba ya Espérance

Mwezi uliopita tuliondoa matanga ya Mzee Prosper. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu azikwe, na kama desturi ya Bujumbura inavyotaka, familia ilipanga hema, viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa vyeupe mgongoni, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti anayekohoa kabla ya kila jina. Nilikwenda na mtoto wangu wa mwisho, ambaye bado ananyonya, nikakaa nyuma karibu na masufuria, mahali ambapo mtu hupakuliwa mapema na kusikia mengi. Mpwa wa marehemu akasimama akasema kwamba mjomba wake ndiye aliyeokoa kijito cha Kagezi, kwamba wengine walipokuwa wakishika bunduki yeye alishika jembe, na kwamba leo watu wa Musaga wanavuka daraja kwa miguu mikavu kwa sababu ya moyo wa mtu mmoja. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha mshereheshaji akauliza kama yupo yeyote wa kamati ile ya kwanza, na mwanamke aliyekaa mbele yangu, mnafiki mkubwa, akageuka akaninyooshea kidole. "Sekreteri wake ni huyu hapa." Nikasimama, mtoto kifuani, nikapigiwa makofi. Nikakaa chini nikamaliza mshikaki wangu. Nyama ilikuwa nzuri. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba ninayemdharau katika kurasa hizi ni Mzee Prosper peke yake.

Mwaka wa kamati ile ulikuwa wa sita wa vita. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sekondari nimeimaliza, diploma imefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na Hawa, binti yangu wa kwanza, mgongoni. Jinsi mimi na mume wangu Sadiki, watu wa mtaa wa Jabe tuliozoea kelele za soko na adhana, tulivyojikuta Musaga ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Vita viliwahamisha watu wote, hatukuwa wa pekee. Tulikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, jiko la makaa na kiti cha nyuma cha gari bovu ambacho Sadiki alikileta kutoka gereji akakiita saluni, yaani sebule. Cha nyuma ndimo tulimolala, kina dirisha dogo kama daftari, na nje ya dirisha hilo kilipita Kagezi. Kutoka ukuta wetu hadi ukingoni zilikuwa hatua sita. Nilizipima mwenyewe siku tuliyoingia, na niliendelea kuzipima kila baada ya mvua, kama mtu anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Kagezi kwa Kirundi ni kijito tu; hata jina la maana hakikupewa. Kiangazi ulikiruka bila kupandisha kitenge. Masika kilishuka kutoka milimani na maji ya rangi ya matofali, kikibeba migomba, mbuzi waliokufa, na safari moja mlango mzima wenye kufuli lake. Barabara, mabasi ya kwenda mjini na zahanati vyote vilikuwa ng'ambo ya pili, na sisi tulivuka kwa magogo matatu yaliyolazwa pamoja. Mwaka uliotangulia, Hawa akiwa na miezi mitatu na mwili wa moto, maji yalikuwa yameondoka na magogo, nami nikasimama ukingoni naye kutoka asubuhi hadi alasiri, nikiitazama zahanati kwa macho. Hakufa. Lakini siku hiyo ndiyo iliyonitia katika kamati ya kujitolea ya Kagezi. Wengine waliingia kwa kupenda miti na ndege, au kwa kupenda fulana za bure. Mimi niliingia kwa hasira. Nilitaka daraja, na nilitaka ukingo usimame.

Kamati ilikutana katika darasa la shule ya msingi, sisi wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mzee Prosper alikuwa afisa mstaafu, anakaa Kiriri, mtaa wa wenye nazo, na alikuja kwa gari lake ambalo aliliacha ng'ambo kwa sababu hakuna gari lililoweza kufika kwetu. Alivaa buti za mpira za kijani, mpya, na leso ya kufutia jasho aliyoikunja pembe nne kila baada ya kuitumia. Alisema amejitoa kwa ajili ya Kagezi kwa kuwa alioga humo utotoni. Mpe mtu yeyote wa Kiriri nafasi ya kuhutubia, atakwambia alioga mtoni utotoni. Alianza hotuba kwa Kifaransa, akapitia Kirundi, akamalizia kwa Kiswahili cha sokoni akitutazama sisi akina mama wa vitenge. "Mto ni mwili moja," alisema. "Kichwa iko juu, miguu iko chini. Ukiumiza kichwa, miguu inakufa." Tukapiga makofi. Kisha akauliza nani anajua kuandika vizuri, mimi nikanyoosha mkono, na hivyo nikawa sekreteri.

Nitakuwa mkweli: mzee huyo alifanya kazi. Ningependa kusema alikaa kivulini, lakini kila Jumamosi aliinama pamoja nasi, mikono yake laini ikachubuka, na hakulalamika. Ubaya wake haukuwa uvivu. Alikuwa mtu asiyeuliza. Tulianza kwa kupanda matete kando ya maji, kila mche kwa mkono, ili mizizi ishike udongo. Yalipofika kifuani, wanajeshi wa kituo cha kona ya juu walishuka wakasema matete yanaficha watu, yakatwe yote, na yakakatwa siku hiyohiyo. Mtu yeyote wa Musaga angemwambia mapema, kwa sababu hata migomba ya kando ya barabara ilikuwa imekwisha katwa kwa sababu hiyo. Hakuuliza. Aliandika barua kwa shirika moja, nalo likatuletea marobota ya waya wa kusuka gabioni, yale makapu makubwa ya waya yanayojazwa mawe na kushonwa mdomo, yapangwe ukingoni yawe ukuta. "Mawe haifichi mutu," alisema, akafurahi kama aliyewashinda wanajeshi. Waya ukafika. Mawe hayakufika, kwa sababu machimbo yalikuwa mlimani na hakuna dereva aliyekubali kupanda huko wakati ule.

Basi akaona mawe kijitoni. Yalikuwepo kweli, mengi, makubwa, ya mviringo, yamelala chini ya kingo mbele ya nyumba zetu. Akatangaza kwamba kila familia ichukue mawe yaliyo mbele ya nyumba yake na kuyapandisha hadi kwenye kona ya magogo, ambako ukuta wa gabioni na daraja jipya vingejengwa. Jumamosi ya kwanza tulikuja wote, na ilikuwa aibu kutazama. Watu wazima wenye nguvu walileta vikokoto. Mwanamume mmoja fundi wa nyumba, mabega kama mlango, alileta beseni la kokoto za ukubwa wa viazi, akadai mbele yake hakuna mengine. Mbele yake kulikuwa na majabali ya kukalia. Hata mimi nilileta vidogo. Tulijua wote bila kusomeshwa kwamba jiwe kubwa lililo mguuni mwa ukingo ndilo linalozuia maji yasile udongo chini ya kitanda chako, na mikono yetu ilikataa yenyewe.

Mzee Prosper alitazama lile lundo la kokoto akakunja leso yake. Angeuliza "kwa nini?" mara moja tu, fundi yule angemjibu. Badala yake akatabasamu, kama mwalimu aliyekamata darasa zima likidanganya. "Nimeelewa," alisema. "Ni ubinafsi. Kila mutu anapenda ya kwake. Sasa tutabadilisha: hakuna mutu kuchukua mbele ya nyumba yake. Kila mutu atachukua mbele ya jirani. Hivyo ndivyo tunajenga umoja." Katika nchi iliyokuwa ikichinjana, neno umoja lilikuwa na makofi yake tayari. Nikaambiwa niandike orodha, nani achukue mbele ya nani, nami nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Mbele ya nyumba yetu nikamwandika Espérance, jirani wa mlango wa pili. Mbele ya nyumba ya Espérance nikajiandika mimi, kwa sababu ilikuwa karibu na nilikuwa na mtoto mgongoni.

Jumamosi iliyofuata mawe yalipanda kama yana miguu. Majabali yaliyokuwa hayapo yakaonekana yote. Fundi yule wa vikokoto alibingirisha jiwe la watu watatu peke yake, akicheka, kutoka chini ya nyumba ya mjane mmoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, lakini kazi ilikwenda, na Mzee Prosper alisimama katikati ya maji akisema, "Munaona? Munaona?" Niliona. Nilibeba mawe ya Espérance kuanzia makubwa, nikayafungia kwenye kitenge, Hawa mgongoni na jiwe tumboni kama mjamzito wa pande mbili, mizigo mitatu kabla ya saa nne. Nilijiambia namfanyia Hawa daraja. Nilijiambia pia kwamba jirani naye anafanya vilevile kwangu, kwa hiyo hakuna deni.

Espérance alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anayezungumza kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mume wake alitoka kwenda kazini asubuhi moja mwaka wa nne wa vita, hakurudi. Alikuwa na binti, Lidia, aliyepita Hawa kwa mwaka mmoja, na watoto wetu walikula sahani moja karibu kila siku. Mchana alinigongea ukuta nikimpikia Sadiki, akanipitishia chumvi au moto dirishani. Lakini kazini alinitia aibu. Mimi nikipandisha mizigo mitatu, yeye alileta mmoja, tena amechelewa, tena anatokea upande wa juu, kule kwenye kona ya kituo cha wanajeshi ambako hakuna mtu aliyekwenda kwa hiari. Akina mama walipata la kutafuna.

"Mama Lidia, huko juu iko nini?" mmoja alimwuliza. "Mawe ya huko ni tamu?"

"Mawe iko na kofia na bunduki," mwingine akajibu kwa niaba yake.

"Muacheni. Kitanda ya baridi inachosha mutu."

Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Espérance alitua mzigo wake, akafuta mikono, akasema, "Chekeni tu, kucheka haiko kazi," akarudi alikotoka.

Mume wangu Sadiki hakubeba hata jiwe moja. Jumamosi alilala hadi saa tano, kisha akaja kukaa kwenye saluni yake na kunisomesha. Siku moja ya mwisho wa kiangazi, nimepika ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, mikono yangu imevimba hata sikuweza kumenya kitunguu, akaniuliza tunayatoa wapi mawe yote yale. Nikamwambia.

"Mama Hawa," alisema, "gari mbili ziko gereji. Ukitoa gurudumu kwa moja ukafunga kwa ingine, unapata gari ngapi zinatembea?"

"Sema unachotaka kusema."

"Na hapa kwetu chini, nani anachukua?"

"Espérance."

"Na we, unachukua wapi?"

"Kwake."

Akakata tonge, akachovya mchuzi, akatafuna bila haraka. "Basi muko sawa," akasema.

"Kama unajua hivyo, kwa nini hauendi kumwambia Mzee?"

"Mi ni fundi ya magari. Mito iko na wenyewe."

Nilimdharau siku ile na namdharau mpaka leo kwa siku ile, ingawa tumezaa watatu baadaye. Mzee Prosper hakujua kwa sababu hakuuliza. Sadiki alijua na alikuwa akila. Lakini nikae kidogo hapo kabla ya kuendelea kumshutumu, kwa kuwa baada ya chakula kile mimi nilijua pia, kwa maneno, si kwa mikono tu. Jumamosi iliyofuata nilirudi nikachukua mawili ya mwisho yaliyokuwa chini ya jiko la Espérance. Ukuta wa gabioni ulikuwa umebakiza kapu moja.

Mvua ya masika ilikuja mchana, saa ya kurudi kutoka sokoni. Maji yalifika kwenye kona ya daraja, yakagonga gabioni zetu, na gabioni zikasimama kama Mzee Prosper alivyoahidi. Daraja jipya la mbao tulilolijenga juu yake nalo likasimama. Watu walikuwa juu yake wakishangilia. Maji yaliyokataliwa pale yakashuka kwetu na nguvu zake zote, yakakuta kijito kisicho na mawe, yakaanza kuchimba. Nilikuwa nje, kwenye pembe ya nyumba yetu. Niliona ukingo wa Espérance ukifunguka chini, taratibu, kama mtu anayekunja goti, kisha jiko lake likaingia majini na masufuria yake, kisha chumba cha nyuma, kitanda kikaonekana kimetandikwa vizuri, shuka la maua limechomekwa, kikainama nacho kikaenda. Espérance alikuwa amesimama kichochoroni, Lidia mkononi. Nyumba nyingine mbili za chini zilipoteza vyoo na kuta. Ya mjane yule aliyechukuliwa jiwe na fundi ilikwenda yote.

Siku ya tatu Mzee Prosper alikuja na mpiga picha wa shirika. Nilishuhudia mwenyewe akimshika yule kijana bega na kumgeuza taratibu, mpaka ukuta wa gabioni ukajaa kwenye picha na nusu nyumba ya Espérance ikabaki nje. Baadaye tulikaa kwenye madawati ya watoto kuandika ripoti. Shirika lilikuwa limeahidi mabati na saruji kwa wanakamati walioathirika, na swali lilikuwa moja: Espérance apewe au asipewe. Mwanamke mmoja akasema Espérance hakufanya kazi kama wengine, kila mtu aliona. Fundi wa vikokoto akasema ni kweli. Hakuna aliyesema kwamba Espérance hakupangiwa mawe ya kwake hata kidogo, kwamba uvivu wake, kama ulikuwepo, ungeihusu nyumba yangu na si yake. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na darasa lenyewe tulikuwa tumekalia. Mzee Prosper alinitazama mimi. "Sekreteri, we ni jirani yake. Unasema nini?"

Nikasema alileta mzigo mmoja kila tulipoleta mitatu. Nikaiandika hivyo, nikapiga mstari chini kwa rula.

Kesho yake maji yalikuwa yamepungua, nikashuka kutazama ukingo wetu. Niliogopa nitakachokikuta, kwa kuwa wiki ile yote watu wa ukingoni walikuwa wakihamisha vitanda kutoka vyumba vya nyuma. Nilishuka nimeshika mizizi, nikageuka, na pale mguuni mwa ukuta wetu mawe yalikuwepo. Yote. Makubwa, ya kijani kwa ukungu, yamekaa kama yalivyokaa siku tuliyohamia. Hakuna mkono uliokuwa umeyagusa. Nilikaa juu ya moja, kitenge changu kikalowa, nikakumbuka kona ya juu na mzigo mmoja mmoja.

Espérance aliondoka siku mbili baadaye, kwa dada yake upande wa kusini. Nilimbebea godoro la kuazima hadi barabarani, tukavuka daraja jipya. Basi lilikuwa linasubiri kujaa. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuchukua ya kwangu?"

"Hawa analala upande ule," alisema. "Nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta, akikohoa."

"Huko juu, wasoda wa kituo hawakukusumbua?"

"Waliniambia kila mara: mama, siku moja tutakosea." Akamweka Lidia kwenye kiti, akafunga fundo la kitenge chake upya. "Na ya kwangu, Mama Hawa? Nani alipewa?"

Orodha ilikuwa kwa mwandiko wangu, imebandikwa kwenye mlango wa darasa miezi yote ile. Espérance alijua kusoma.

"Sikumbuki," nikasema.

Akanitazama muda mfupi. Hakukuwa na hasira, na hilo ndilo ambalo sijaweza kumsamehe. "Sawa," alisema, akapanda.

Nilipofika nyumbani Sadiki alikuwa amekwisha hamishia godoro la Hawa chumba cha mbele, chini ya meza. "Huko nyuma hakuna mutu kulala tena mpaka masika iishe," aliniambia. Nililibeba godoro nikalirudisha, nikalisukuma mpaka likagusa ukuta wa mtoni, juu ya mawe yale, nikamlaza mwanangu. Sadiki aliniuliza kama nimepata wazimu. Nikazima taa. Mvua ilianza tena magharibi, ikanyesha mpaka alfajiri, na nyumba zote za ukingoni zilikesha zimewasha taa. Ya kwetu ilikuwa giza. Tulilala.